Kipande cha ini kutoka kwa ndugu: gramu za madaktari na sharti la Maulamaa



Familia zetu nyingi zimeshazoea kusikia kwamba fulani amempa kaka yake figo India. Ini ni habari nyingine, na masuali yake ni mazito zaidi. Binaadamu ana mafigo mawili, akitoa moja linabaki jengine. Ini ni moja tu, na bila ya ini hakuna uhai. Basi mtu anapoambiwa na daktari kwamba mwanawe, mkewe au ndugu yake anaweza kukatwa sehemu ya ini lake akapewa mgonjwa, jambo la mwanzo linalomjia ni: je, huku si kujiangamiza? Na Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ametukataza katika Suratul-Baqarah, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa pande mbili, ya tiba na ya shari'ah, na zaidi inaeleza mas'ala ambayo watu hawaelezwi vya kutosha kabla ya kusafiri: ukubwa wa kile kipande. Kwa sababu kipande kikiwa kikubwa, hatari humuelemea mtoaji. Na kikiwa kidogo, hatari humuelemea mgonjwa. Hapo ndipo mzozo wote ulipo.

Vipi ini linaweza kugawika

Allaah ameliumba ini tafauti na viungo vyengine vya ndani. Lina pande mbili kubwa, wa kulia na wa kushoto. Wa kulia huwa takriban sehemu mbili katika tatu za ini zima, na kila upande una mishipa yake ya damu na njia yake ya nyongo. Kwa hiyo daktari mpasuaji mwenye ujuzi anaweza kuutenganisha upande mmoja ukaishi kwa mtu mwengine, na ule uliobaki ukaendelea kumhudumia mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba ini hukua tena. Pale palipokatwa hapachipui kama tawi la mti. Kinachotokea ni kuwa sehemu iliyobaki hutanuka, kazi ambayo huanza katika siku za mwanzo tu baada ya operesheni, na katika muda wa miezi miwili mitatu huwa limerudi karibu na ukubwa linaohitaji mwili. Hivyo hivyo kile kipande alichopewa mgonjwa nacho hukua. Lakini kukua huko kunahitaji siku, na hatari iko ndani ya siku hizo.

Jaribio la mwanzo la kuchukua ini kwa mtu aliye hai lilifanywa São Paulo, Brazil, Disemba 1988, na daktari Silvano Raia. Mtoto aliyepandikizwa hakuishi. Julai 1989, mjini Brisbane, Australia, daktari Russell Strong alichukua sehemu ya ini la mama wa Kijapani akampandikiza mwanawe mdogo, na mara hii ilifanikiwa. Mwisho wa mwaka ule ule Christoph Broelsch na wenzake walifanya hivyo Chicago. Linalopendeza katika kisa cha Chicago ni kwamba kabla ya kumpasua mtu yeyote walitoa maandishi ya kujadili kama jambo hili linajuzu kimaadili, wenzao wa tiba wakayasoma kwanza.

Kwa nini mama huyo alitoka Japan hadi Australia? Kwao wakati huo ini halikuwa likipatikana kwa maiti. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Sapporo alipandikiza moyo kutoka kwa mtu aliyesemwa kuwa ubongo wake umekufa, na kikazuka kishindo kikubwa cha watu kuuliza kama yule mtoaji alikuwa amekufa kweli. Wajapani wakaliogopa jambo hilo kwa miaka mingi; sheria ya kuruhusu viungo vya mtu aliyekufa ubongo haikupita hadi 1997. Sisi Waislamu hatuna haki ya kuwashangaa, kwani mas'ala hayo hayo yamewagawa Maulamaa wetu. Majma' al-Fiqh al-Islami la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikubali kifo cha ubongo. Ilhali Majma' la Makkah mwaka uliofuata lilisema mashine zinaweza kuondolewa, lakini mtu hahukumiwi kuwa ni maiti mpaka moyo na pumzi zisite. Kwa hivyo Japan na nchi za Kiislamu, kila moja kwa njia yake, zimejikuta zikitegemea walio hai. Misri, Saudia na Uturuki leo zina hospitali zinazofanya operesheni hizi kwa wingi, na madaktari wa Misri mwaka 2001 walianza mpango wao kwa msaada wa Koichi Tanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto.

Hesabu ya gramu

Kwa watoto wachanga mambo ni mepesi kidogo. Mtoto wa kilo 8 ambaye njia zake za nyongo zimeziba tangu kuzaliwa anahitaji kipande kidogo tu, kile cha pembeni mwa upande wa kushoto, chenye uzito wa kama gramu 250. Hiyo ni asilimia 3 ya uzito wake, tena kwa kitoto cha chini ya hapo kipande huweza hata kuwa kikubwa mno kisikae tumboni. Mama au baba aliyetoa hubaki na sehemu kubwa ya ini lake.

Kwa mtu mzima hesabu hugeuka. Kipimo kilichokuwa kikifuatwa kwa miaka mingi ni kwamba kipande kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa. Tuchukue baba wa kilo 70: anahitaji gramu 560. Binti yake wa kilo 55 anataka kumtolea. Ini lake zima tuseme lina gramu 1,080. Upande wake wa kushoto, kama ni theluthi moja na ushei, utatoa gramu 380 hivi. Gawanya kwa uzito wa baba, unapata kama asilimia 0.54. Hautoshi. Upande wa kulia utatoa gramu 700, ambazo ni asilimia 1 ya uzito wa baba. Unatosha, lakini binti atabaki na gramu 380, asilimia 35 ya ini lake. Na madaktari wengi hawakubali mtoaji abakishiwe chini ya asilimia 30, wengine 35.

Sasa msomaji ameona kilicho mezani. Kuchukua upande wa kulia kunampa baba ini la kutosha na kumuweka binti kwenye mpaka. Kuchukua wa kushoto kunamuacha binti na sehemu mbili katika tatu za ini lake, na kumpa baba kipande kidogo.

Tafauti hiyo ina uzito wake. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba kifo cha mtoaji wa upande wa kushoto ni kama mmoja katika 1,000, na kwa upande wa kulia hufika mmoja katika 200. Hayo ni machache, lakini yametokea mahali pakubwa. Januari 2002 mtu aliyemtolea ndugu yake sehemu ya ini alifariki katika hospitali moja ya New York, siku chache baada ya operesheni. Japan ilipata kifo chake cha mwanzo cha mtoaji mwaka 2003: mama aliyemtolea binti yake, na ini lake lililobaki halikutosha. Mbali na kifo, katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kiasi cha watoaji 4 katika 10 walipata tatizo la namna fulani, kama vile nyongo kuvuja, kidonda kuambukizwa au ngiri mahali pa mshono. Mengi yalipona, ila mtu akiambiwa "utakaa wiki moja halafu basi" ajue hajaambiwa yote.

Kipande kidogo kinamfanya nini mgonjwa

Watu hudhani tatizo ni kwamba ini dogo halifanyi kazi ya kutosha, kama mfanyakazi mmoja aliyepewa kazi ya wanne. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni damu.

Damu yote inayotoka tumboni, matumboni na kwenye bandama hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini. Mgonjwa ambaye ini lake limesinyaa kwa miaka huwa bandama lake limevimba na damu ya mshipa huo ni nyingi na ina nguvu kuliko kawaida. Ini lake likitolewa na kuwekwa kipande kidogo, mtiririko wote ule unakiingilia kipande hicho kwa pamoja. Fikiria maji ya masika yaliyokuwa yakipita kwenye mtaro mpana, ghafla yalazimishwe kupita kwenye paipu nyembamba. Paipu itapasuka. Vile vijishipa vyembamba vya ini jipya huumia, mgonjwa akawa wa manjano, tumbo likajaa maji kila siku lita kadhaa, damu ikashindwa kuganda, halafu maambukizi yakaingia. Wengine hupona pole pole na wengine hufariki au kuhitaji ini jengine ambalo halipo.

Kulielewa jambo hili la damu ndiko kulikobadilisha tiba. Masatoshi Makuuchi na wenzake wa Matsumoto, Japan, walimpandikiza mtu mzima upande wa kushoto mwaka 1993. Mwaka 1996 kundi la Fan Sheung-Tat la Hong Kong likachukua upande wa kulia pamoja na mshipa wa kati, ili watu wakubwa wapate ini la kutosha, na kwa muda dunia nzima ikaelekea kulia. Vifo vya watoaji vilipoanza kujulikana, baadhi ya madaktari wakajiuliza: badala ya kukuza kipande, hatuwezi kuipunguza ile damu inayokipiga?

Inawezekana. Njia moja ni kufunga mshipa unaopeleka damu kwenye bandama, au kuliondoa bandama lenyewe. Nyengine ni kuchepusha sehemu ya damu ipite pembeni bila ya kupitia ini, mpaka kipande kikue. Na muhimu zaidi ni kuhakikisha kwamba damu inayoingia ina pa kutokea, yaani mishipa ya kutoka kwenye ini iungwe yote vizuri. Hapo kazi ya Lee Sung-Gyu wa Seoul ya kuunga mishipa midogo midogo kwa vipande vya mishipa mengine imesaidia watu wengi. Madaktari wa Kyoto walipima nguvu ya damu katika ule mshipa mkubwa wakati wa operesheni, wakaona kwamba ikishushwa chini ya milimita 15 za zebaki wagonjwa huishi vyema zaidi, na wakaanza kukubali vipande vya asilimia 0.6. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kyushu nao waliufanya upande wa kushoto kuwa chaguo lao la kwanza kwa watu wazima. Wataalamu walipokutana Coimbatore, India, mwaka 2023 kuuelezea upya ugonjwa huu, walikubaliana kwamba udogo wa kipande peke yake si hukumu. Hali ya mgonjwa, umri wa mtoaji na nguvu ya damu vyote huingia katika hesabu.

Lakini tahadhari. Matokeo hayo ni ya hospitali zilizofanya mamia au maelfu ya operesheni. Kipande cha asilimia 0.6 mikononi mwa waliozoea, kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu, hakifanani na kipande hicho hicho kwa mgonjwa aliyekwishalala kitandani miezi, katika hospitali inayojifunza. Na umri wa mtoaji haupuuzwi: ini la kijana wa miaka 25 hukua haraka kuliko la mtu wa miaka 55. Mafuta nayo huhesabiwa. Mtoaji mwenye kitambi anaweza kuonekana ana ini kubwa, kumbe sehemu yake ni mafuta tu yasiyofanya kazi. Ndiyo maana wengine huambiwa wapunguze uzito kwanza kisha warudi kupimwa, na wasichukie.

Kuna njia moja ya Seoul ambayo tunaitaja kwa sababu ya uzito wake wa kisheria. Tangu mwaka 2000 huko wamewahi kuchukua vipande viwili vidogo kutoka kwa watu wawili na kumpa mgonjwa mmoja. Kila mtoaji anatoa kidogo, hatari ya kila mmoja inashuka, lakini sasa watu wawili wazima wamelazwa juu ya kitanda cha operesheni kwa ajili ya mmoja. Kwa maoni yetu hilo si la kukimbiliwa maadamu ipo njia ya mtoaji mmoja.

Maulamaa wamesemaje

Tusifiche kwamba mas'ala haya yana khilafu. Mufti Muhammad Shafi' wa Pakistan (Allaah Amrehemu) alikataza kupandikiza viungo vya binaadamu, na Misri Sheikh Muhammad Mutwalli ash-Sha'rawi alikuwa na msimamo mkali kwamba mwili si mali ya mtu hata autoe. Ni amana ya Allaah. Hoja yao si ya kubezwa, na mwenye kuifuata kwa taqwa asilaumiwe.

Wengi wa Maulamaa wa zama hizi, hata hivyo, wameruhusu kwa masharti. Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudia liliruhusu mwaka 1402 Hijria (1982). Majma' la Makkah likafuata mwaka 1405 Hijria (1985), na kisha Majma' al-Fiqh al-Islami katika kikao cha Jeddah, Februari 1988, kwa azimio nambari 26. Kwa ufupi, masharti waliyoyataja ni kwamba mtoaji asipate madhara yanayoharibu maisha yake ya kawaida, atoe kwa hiari yake naye ana akili timamu na amebaleghe, isiwe kwa kuuza, iwe hakuna dawa nyengine kwa mgonjwa, na mafanikio ya operesheni yawe ni ya kawaida au yenye dhana kubwa. Kiungo ambacho uhai umesimama juu yake, kama moyo, ni haramu kukitoa mtu angali hai. Wanaoruhusu wanategemea pia aya ya 32 ya Suratul-Maaidah, inayotukuza kuihuisha nafsi moja.

Azimio la Jeddah lilitenga kile kinachojirudisha chenyewe mwilini, likatoa mfano wa damu na ngozi, na likakifanya hukmu yake kuwa nyepesi zaidi. Je, ini liingie humo kwa sababu linakua tena? Qiyasi hiyo ina nguvu, ila haikamiliki. Damu hutolewa kwa sindano, mtu akanywa juisi akenda zake. Ini hutolewa kwa kupasuliwa tumbo, na baina ya kukatwa na kukua kuna siku za hatari. Tunaona karibu zaidi na haki ni kusema kwamba ini linajuzu kutolewa sehemu yake kwa masharti yote yale, wala wepesi wa hukmu ya damu haulifikii.

Hapo ndipo gramu zinapokutana na fiqhi. Kanuni inayojulikana ya Mafaqihi ni kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Daktari akisema mtoaji atabakiwa na asilimia 27 ya ini, sharti la Maulamaa la kutodhurika mtoaji limeyumba, hata kama baba anakufa na binti analia kwa kutaka kutoa. Na akisema upande wa kushoto utamtosha mgonjwa kwa kupunguza nguvu ya damu, na hospitali ile imelizoea jambo hilo, basi kuchukua kidogo ndiyo njia inayoafikiana zaidi na masharti, kwa kuwa aliye mzima haruhusiwi kuingizwa hatarini ila kwa kadiri ya dharura. Wa-Allaahu A'lam.

Masuali yanayoulizwa majumbani

Je, ni wajibu mtoto kumtolea mzazi? Hapana. Kumtendea wema mzazi ni wajibu, lakini kukatwa kiungo si katika wema alioulazimishwa mtoto. Akitoa kwa moyo wake ana ujira mkubwa kwa Allaah, na asipotoa hawi 'aaq. Tunalisema hili wazi kwa sababu inajulikana kwamba katika kikao cha ukoo macho yote humgeukia mmoja, mara nyingi kijana asiyeoa au mke aliyeolewa katika nyumba ile, na ami anaanza kuzungumzia radhi. Hiari iliyopatikana kwa kutishiwa radhi si hiari. Hospitali nzuri humuita mtoaji peke yake, bila ya jamaa, na akikataa huwaambia jamaa tu kwamba hakufaa. Mwacheni huyo mtu na sitara yake.

Je, kutoa ini kunaleta umahram? Hakuleti. Umahram unatokana na nasaba, kunyonya na ndoa. Na hata damu iliyotiwa mwilini Maulamaa walishasema haimfanyi mtu ndugu wa aliyempa.

Je, mtu anaweza kulipwa gharama? Kiungo hakiuzwi kwa hali yoyote. Ama nauli ya mtoaji, chakula, vipimo na siku za kazi alizokosa, ni juu ya mgonjwa au jamaa zake kuzibeba, na hilo si bei.

Kwa wanaokwenda India, sheria ya kule ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2011, inawatambua kama jamaa wa karibu: mume na mke, wazazi, watoto, ndugu, mababu na mabibi, na wajukuu. Mgeni hata akiwa na jamaa wa karibu lazima apite mbele ya kamati ya idhini, na hutakiwa barua ya ubalozi kuthibitisha ujamaa huo. Familia zetu husumbuka hapa kwa sababu majina katika vyeti hayalingani: cheti cha kuzaliwa kina "Khamis", pasi ina "Hamisi", na cheti cha ndoa kimeandikwa kwa mkono na hakisomeki. Yatengenezeni haya kabla ya kukata tikiti. Na dalali yeyote atakayekwambieni kwamba atakutafutieni "ndugu" wa kutoa huko huko, kimbieni. Hiyo ni biashara ya haramu na pia ni jela.

Siku ya kukutana na daktari mpasuaji, muulizeni kwa namba. Mtoaji atabakiwa na asilimia ngapi ya ini? Kipande kitakuwa asilimia ngapi ya uzito wa mgonjwa? Ni upande gani, na kwa nini si ule mwengine? Wameshafanya watu wazima wangapi, na watoaji wao wamekuwaje? Anayeifanya kazi hii kila wiki ana majibu hayo mezani, na mtoaji mwenyewe awepo ayasikie kwa masikio yake.